Tupeane uzoefu: hadithi ya lugha mbili ilikufundishaje lugha ngeni?

Mwanzisha uzi, Mtwara mjini

Wakuu, salaam. Naomba tusimuliane hili kwa kirefu, maana mwanangu anaingia kidato cha kwanza na nataka nimsaidie mapema.

Daraja la Umoja lilipofunguliwa mwaka 2010 nilianza kuvuka kwenda Msumbiji kuuza vitenge. Kireno sikujua hata salamu. Nikanunua kamusi, kila usiku nakariri maneno ishirini, asubuhi nimebaki na matatu. Nilijiona nina kichwa kizito. Kumbe shida ilikuwa ile orodha. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya alichokariri ilipotea ndani ya siku moja tu. Neno likija peke yake, ubongo hauna pa kulitundika.

Mama aliyenipangisha chumba kule Pemba ya Msumbiji alinisaidia bila kujua. Jioni aliwasimulia wajukuu kisa cha wanyama waliochimba kisima, sungura akakataa kuchimba, kisha usiku akawa anakuja kuiba maji. Alianza kwa Kimwani, lugha ya pwani ile, ambacho sisi Waswahili tunakifuata kwa kiasi, akarudia kwa Kireno. Kisa chenyewe ninacho tangu utotoni. Kwa hiyo aliposema coelho nilishajua nani ananyemelea, na água halikuhitaji kamusi, kwani ndicho kinachoibwa. Usiku wa tatu nilikuwa nawatangulia watoto kujibu. Mpaka leo nikisikia poço naona kile kisima chenyewe, hata neno la Kiswahili halinijii kwanza.

Kuna sehemu ya ubongo inaitwa hipokampasi. Hiyo ndiyo inayofunga pamoja tukio, mahali, sauti na hisia kuwa kumbukumbu moja, na tukilala, yaliyopita mchana yanarudiwa humo ili yakae. Hadithi ya jioni inafika hapo na kila kitu chake. Nyie wenzangu ilikuwaje?

Mdau, Nachingwea

Mimi ni Kiingereza. Tumetoka shule ya msingi kwa Kiswahili, ghafla bayolojia, jiografia, vyote Kiingereza. Nilikuwa nasema "I am fear", kwa kuwa kichwani kuna "naogopa". Mwalimu alinisahihisha mara nyingi, haikukaa. Dada yangu akaniazimia kijitabu cha hadithi, kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza. Humo kuna mtoto aliyepotea porini na karibu kila ukurasa anaogopa: "she was afraid", tena "she was afraid". Siku moja darasani nikajikuta nimesema "I was afraid", na hakuna kanuni yoyote niliyoikumbuka. Ulimi ulitangulia.

Ila nitoe tahadhari kwa huyo kijana wako, mkuu. Mwezi wa kwanza nilikuwa nasoma upande wa Kiswahili tu. Jicho linapenda mteremko. Dada akaniwekea utaratibu: soma kisa chote kwa Kiswahili, kisha ufunike ukurasa wa kushoto kwa daftari, ufunue pale tu ulipokwama. Kule kukwama, ukabahatisha, ndipo ukafunua, ndiko kulikonifundisha.

Mwalimu mstaafu, Masasi

Wanangu, njia hii ni ya zamani. Edward Steere, yule mmisionari Mwingereza aliyewaleta watumwa waliokombolewa hapa Masasi mwaka 1876, mwaka 1870 alikuwa ameshachapisha London hadithi za Unguja, ukurasa mmoja Kiswahili na unaoukabili Kiingereza. Wageni walijifunzia lugha yetu humo. Sioni kwa nini watoto wetu tuwape orodha za maneno ubaoni.

Mdau, Newala

Yangu ilikuwa kuirudisha lugha nyumbani. Mwanangu amekulia Dar, Kimakonde hana kabisa, na bibi yake yuko Kitangari. Nilimrekodi bibi kwenye simu akisimulia kisa hichohicho cha kisima. Kwetu huku juu, ambako miaka na miaka maji yalifuatwa mabondeni, kisa hicho kina uzito wake. Nikakiandika, mstari wa Kimakonde na chini yake Kiswahili, tukawa tunasikiliza kila jioni dakika kumi, wiki mbili mfululizo. Lugha zenyewe ni ndugu, munu ni mtu, vanu ni watu, basi masikio ya mtoto yakaanza kukamata yenyewe.

Juzi tulikwenda kumwona. Bibi ameketi barazani, akaomba medi kwa sauti ya chini, wala hakuwa akimwambia mtoto. Kabla sijatafsiri, kijana alishafika mtungini.