Miaka sita ghalani, sasa naambiwa nihamie kwa wakala. Nitie sahihi?

Mwana wa Likoni
Wadau, salaam. Nimebeba magunia ya majani chai ghala moja Shimanzi, Mombasa, miaka sita, nalipwa kwa siku, shilingi 700, na sijakosa wiki. Alhamisi tumepewa karatasi: sote tunahamia kwa wakala wa ajira, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Chini kabisa, kwa herufi za kutaka miwani, yasema "sina dai lolote kwa kampuni". Mke asema tia, unga utatoka wapi? Msimamizi naye atuonyesha vijana walioketi nje ya geti tangu alfajiri. Jumatatu ndiyo mwisho.

Bi Mkubwa Tononoka
Pole mwanangu. Marehemu mume wangu alikuwa bandarini: nyumba ya kazi, matibabu, pensheni. Watoto wanne nimezaa hospitali ya serikali bila kutoa senti. Wa tano, mwanzoni mwa 1990, nikaambiwa "kuchangia gharama". Nikauza kanga mbili.

Mpiga Mbizi
Bi Mkubwa, hilo lilikuwa sharti la mikopo. Wa kwanza wa marekebisho ya uchumi Kenya ilichukua Benki ya Dunia mwaka 1980. Fungueni soko, punguzeni watu, uzeni mashirika. Mitumba ikamiminika, viwanda vya nguo vikafa. Cha korosho Kilifi nacho kikauzwa, hakikudumu. Mkulima akabaki na dalali. Wakala wa huyu ndugu ni mjukuu wa mambo hayo.

Mwana wa Likoni
Ahsante kwa somo mwalimu, lakini Jumatatu ni keshokutwa.

Katibu Mstaafu
Usitie bado. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37: kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi, ahesabiwa mwajiriwa wa mwezi. Piga picha karatasi hiyo. Usifute ujumbe wowote wa M-Pesa wa mshahara. Halafu nendeni ofisi ya kazi, wengi. Ukienda peke yako utaitwa mchochezi.

Mjomba Mikindani
Mimi nilikataa kutia. Haki nilikuwa nayo, ila kesi ilivyokokota nikauza pikipiki. Sijuti, lakini msimwambie ni mteremko.

Mwana wa Likoni
Nimewapigia wenzangu saba. Wanne tutakutana feri Jumatatu saa kumi na mbili, twende pamoja. Wawili washatia. Wa saba hashiki simu.