Laptop ndogo ya inchi 11, kishikwambi au nibaki na simu? Bajeti laki nne

mtunza_daftari
Habari wakuu. Natunza hesabu za maduka matatu Kariakoo, nakaa Mbagala, kifaa kitashinda kwenye begi ndani ya daladala. Kazi ni Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), PDF na barua pepe. Umeme ukikatika nina pawabenki ya 20,000 mAh. Nichukue kipi?

fundi_bisibisi
Makro imeshakuamulia, mkuu. Excel ya Android haiendeshi makro, iwe kwenye simu au kishikwambi: faili linafunguka, unabonyeza kitufe, hakitokei kitu. Chukua laptop yenye Windows. Chromebook za mtumba zitakuvutia kwa bei, lakini Excel ya Windows haiingii humo, na kila modeli ina tarehe yake ya kuacha kupokea apdeti.

Kagua diski kwanza. Nyingi za bei hiyo zina eMMC (hifadhi ya bei rahisi) ya GB 32 iliyochomelewa kwenye bodi, haibadilishwi. Windows inakaribia kuijaza yenyewe, apdeti ikija inakosa nafasi na kugoma. Tafuta yenye SSD (diski ya kasi) ya kufunguliwa kwa bisibisi, RAM GB 4 kwa uchache, 8 ndiyo raha.

Prosesa nayo: Atom Z8350 na Celeron N3350 hazimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Celeron N4020 imo. Unabeba hesabu za watu, usikubali mashine isiyozibwa matundu ya usalama.

binti_temeke
Hiyo pawabenki usiitegemee kabla ya kuona tundu la chaji. 20,000 mAh hupimwa kwa volti 3.7, yaani Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati), na sehemu hupotea njiani wakati wa kupandisha volti. Betri ya laptop ya Wh 38 utaijaza mara moja na ziada. Lakini laptop iwe inachaji kwa USB-C, na pawabenki itoe PD (Power Delivery, chaji yenye nguvu ya USB-C) ya wati 45. Yenye pini ya duara ya volti 19 haitapokea kitu kutoka USB ya kawaida. Tena kuna USB-C za data tu, kwa hiyo ijaribu palepale dukani.

karani_wa_stoo
Kishikwambi msikidharau. Kuhesabu mzigo umesimama, mkono mmoja umeshika kifaa, laptop inakuchosha. Makarani wa Sensa ya 2022 walitumia vishikwambi, na kazi ile ni ya kujaza fomu tu. Hapa kuna makro, basi namuunga mkono fundi.

mtunza_daftari
Nimewaelewa. Betri ya mtumba naipimaje? Na hotspot ya simu?

fundi_bisibisi
Fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri), andika powercfg /batteryreport. Itakuonyesha faili lilipohifadhiwa. Lifungue, linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa). Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, dai punguzo la bei ya betri mpya au iache.

Hotspot: kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo washa Metered connection (huiambia Windows kwamba data ni ya kubana) kabla ya kufanya lolote. Usipowasha, Windows itashusha apdeti kimyakimya na bando la wiki litaisha siku hiyohiyo.