Sweta limekaa kikapuni tangu Agosti: nalirudiaje nikiwa na robo saa tu kwa siku?

Mfumaji_Uyole (Mbeya)

Wadau wa sindano, habari za huko.

Nina sweta la mtoto wa miaka 6, mabega yaliyonyooka, halina mkato wa kwapa. Uzi ni wa unene wa kati, sindano milimita 4, ukingo wa chini kwa sindano ya milimita 3.25. Vitanzi ni 76 kila upande. Mgongo umekamilika, mistari 106. Kifua kilipita kidogo mistari 60 kikaachwa katikati ya mstari, sindano ikiwa humo humo. Mikono haijaanzishwa.

Sasa ni Machi. Nikitoa kazi, watoto, shamba na kikao cha kikundi, kinachobaki ni robo saa kwa siku, tena si siku zote. Nikilishika sweta sijui nilikuwa wapi, nalirudisha kikapuni. Hamu ya kufuma ninayo, lakini kila nikilitazama inazimika.

Je, niendelee nalo au nilifumue nianze kitu kingine? Na kama ni kuendelea, linaweza kuwa tayari kabla ya kipupwe? Bonge moja la uzi pia limepungua, na dukani rangi ile ile nikiiweka kando ya ya kwangu naona inatofautiana kidogo.

---

Sindano_Nne (Iringa)

Usilifumue. Lililokutisha ni kutojua ulipo, na hilo linaondoka jioni moja.

Anza na sindano. Tafuta kitanzi ambacho uzi wa bonge umeshikana nacho: hicho ndicho ulichofuma mwisho, na sindano iliyokibeba inashikwa mkono wa kulia. Ukikosea hapo utafuma kurudi ulikotoka, na baadaye utaona kashimo kadogo katikati ya kifua, upande mmoja una mistari 2 zaidi ya mwingine. Kisha tazama upande unaokuelekea. Ukiona alama za V, upo mstari wa kufuma mbele, uzi unakaa nyuma ya sindano. Ukiona vinundu, ni mstari wa kufuma nyuma, uzi unakuja mbele.

Malizia mstari huo, halafu fumua mistari 3. Ndiyo, fumua. Vitanzi vilivyokaa miezi 7 kwenye sindano vimetanuka, na ukiendelea juu yake utabaki na mstari unaoonekana kifuani kama kovu. Ila kabla ya kufumua, pitisha uzi wa pamba wenye rangi tofauti kwenye vitanzi vyote 76 vya mstari wa nne kwenda chini. Tumia sindano butu, na hakikisha unapita kwenye mguu wa kulia wa kila kitanzi. Ukifumua, kazi itasimama hapo yenyewe, hakuna kitanzi kitakachokimbia.

Kuhesabu mistari usibuni. Laza kifua juu ya mgongo uliokamilika, linganisha kingo za chini, na uhesabu V moja baada ya nyingine kwenda juu katika safu moja tu, mahali penye mwanga. V moja ni mstari mmoja. Andika namba hiyo kwenye karatasi na uifunge kwa pini kwenye kazi yenyewe, si kwenye daftari litakalopotea.

Jambo la mwisho kabla hujagusa kifua ni sampuli. Mkono hubadilika ukikaa bila kufuma. Anzisha vitanzi 30, fuma mistari 30, laza bila kuvuta, pima sentimita 10 katikati. Unatakiwa kupata vitanzi 22. Ukipata 24, mkono umekaza: vitanzi vyako 76 vitatoa karibu sentimita 32 badala ya 34 na nusu, na kifua kitakuwa chembamba kuliko mgongo. Hapo panda sindano ya 4.5 kisha upime tena. Ukipata 20, shuka 3.75.

---

Kipupwe_Makete

Naongezea hesabu, maana jibu la "kabla ya kipupwe" liko kwenye hesabu.

Mfumaji wa kawaida, asiye na haraka, hufuma kama vitanzi 20 kwa dakika. Kazi iliyobaki kwa dada ni hii: kifua karibu mistari 40 ya vitanzi 76, ukitoa shingo, tuseme vitanzi 2,700. Mikono miwili karibu 8,900. Ukosi wa shingo 600. Jumla 12,200, yaani dakika 610, saa 10 na kidogo. Kwa robo saa ni vikao 41. Ukifuma siku 5 kwa wiki, wiki 8 na kidogo. Ukianza wiki hii ya Machi, Mei unashona mabega. Ukianza Mei, unamvalisha mtoto mwishoni mwa Julai, na huku kwetu Makete baridi kali imeshampata.

Linganisha na sweta la mtu mzima: vitanzi karibu 55,000, zaidi ya saa 45. Kwa robo saa kila siku bila kukosa ni miezi 6. Ndiyo maana watu wengi wanaoanza sweta la mtu mzima Mei, baridi ikishafika, wanaliacha Agosti. Wanadhani wamechoka kufuma, kumbe walianza kuchelewa tu. Sweta la Juni linaanzishwa Desemba.

Na robo saa isihesabiwe kwa saa, ihesabiwe kwa mistari. Kwa vitanzi 76, robo saa ni mistari 4. Basi kazi ya siku ni mistari 4, ukimaliza weka chini, hata kama mkono unataka kuendelea. Usiache katikati ya mstari hata mara moja, hata mtu akigonga hodi. Idadi ya mistari ikiwa shufwa kila siku, utaanza kila kikao kwenye upande ule ule, na swali la "nilikuwa wapi" halitakuja tena.

---

Mama_Kroshia (Njombe)

Nakubaliana na hesabu, ila hamu haiji kwa hesabu peke yake. Dada, kabla ya kurudi kwenye sweta fuma kitu kidogo kinachomalizika ndani ya wiki mbili. Mkono unazoea tena, na macho yanaona kitu kilichokamilika. Kofia ya mtoto mchanga inatosha, gramu 25 hadi 30 za uzi huo huo wa kati.

Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake ni kama sentimita 35, na kofia ifumwe ndogo kidogo ili ishike. Sindano ya 4, anzisha vitanzi 74. Kitanzi cha kwanza na cha mwisho ni vya mshono, usivipunguze kamwe. Sentimita 2.5 za mwanzo fuma 1 mbele, 1 nyuma, upate ukingo unaovutika. Endelea na kufuma kwa kawaida mpaka kipimo chote kuanzia chini kifike sentimita 9. Hapo anza kupunguza, ukianza upande wa V: kitanzi cha mshono, kisha (fuma 7, fuma 2 pamoja) mara 8, kitanzi cha mshono. Mstari wa kurudi hupunguzi. Mstari unaofuata (fuma 6, 2 pamoja) mara 8, na kuendelea hivyo, kila mara kimoja kikipungua kati ya vipunguzo, mpaka ubaki na vitanzi 10. Kata uzi ukiacha sentimita 40, upitishe kwenye vitanzi vyote, vuta, funga, na uzi huo huo ushone mgongo wa kofia.

Kosa linalotokea sana ni kufunga uzi wa kuanzishia kwa kukaza. Ukingo ukiwa mgumu, kofia inamwachia mtoto alama kwenye paji la uso. Anzisha vitanzi juu ya sindano 2 zilizoshikwa pamoja, kisha chomoa moja.

Kingine ni namba za sindano. Zile za zamani za Kiingereza, namba 8 ni milimita 4. Za Kimarekani, namba 8 ni milimita 5. Zote zipo mitaani na zote zimeandikwa 8. Ukichanganya, kofia ya mtoto mchanga inakuwa kubwa mno. Nunua kwa milimita.

---

Sindano_Nne (Iringa)

Hapo kwenye kofia kwanza, mama, sikubaliani nawe moja kwa moja. Kofia inachukua kama vitanzi 2,500, yaani vikao 8 au 9. Kwa dada ni karibu wiki mbili anazozihitaji kwenye sweta. Angekuwa ameanza Januari ningesema sawa. Sasa hivi ile sampuli ya vitanzi 30 inatosha kumzoesha mkono.

---

Mama_Kroshia (Njombe)

Wiki mbili hizo ni nafuu kuliko sweta kurudi kikapuni Aprili. Lakini tuseme hivi: afume kofia zile siku ambazo sweta halibebeki. Sweta likishafika kifuani ni zito, na halifai kwenye daladala. Kofia inaingia kwenye mkoba na haina cha kukumbuka. Kazi mbili, moja ya nyumbani na moja ya safari. Zikifika tatu ndipo mambo yanaharibika, hapo tunakubaliana.

Na rangi nayo uiangalie, dada. Bluu ya giza au nyeusi ifumwe mchana. Umeme ukikatika na ukabaki na tochi ya simu, kwenye uzi wa giza huoni kitanzi kilichodondoka mpaka kimeshuka mistari 10. Kikishadondoka usifumue: ingiza sindano ya kroshia kwenye kitanzi hicho kwa upande wa V, shika uzi wa juu yake uliolala kama kidato cha ngazi, vuta upite katikati, rudia kidato kwa kidato mpaka juu.

---

Mfumaji_Uyole (Mbeya)

Asanteni sana. Jana usiku nimehesabu, nipo mstari wa 66, na sampuli imetoa 23. Nimeona tofauti ya kitanzi kimoja si ndogo, najaribu 4.5. Bado rangi. Na mikono miwili ndiyo inayonichosha kabla sijaianza.

---

Kipupwe_Makete

Rangi: soma lebo, kuna namba ya mkupuo wa rangi, yaani nyuzi zilizotiwa rangi pamoja. Namba tofauti ni rangi tofauti hata jina likiwa moja. Usiungie kifuani, mpaka utaonekana kama mstari wa rula. Tumia uzi wa zamani kumaliza kifua, mpya uwe mikono yote miwili na ukosi. Pale bega linapokutana na mkono pana mshono, na macho ya mtu hayalinganishi rangi kuvuka mshono. Kama wa zamani hautoshi kifua, pishanisha: mistari 2 uzi wa zamani, 2 uzi mpya, kwa sentimita 5 au 6, ndipo uhamie mpya.

Mikono: usiifume kutoka chini. Shona mabega kwanza, kisha okota vitanzi kwenye ukingo wa kwapa ufume kushuka. Kwa miaka 6 pima sentimita 15 mbele na 15 nyuma kutoka begani, okota vitanzi 66, yaani takriban vitanzi 4 kwa kila mistari 5. Ukiokota kwenye kila mstari, mkono utafanya mawimbi. Fuma, na kila mstari wa 6 punguza kitanzi 1 kila upande, mara 11, ubaki na 44. Hamia sindano ya 3.25, fuma ukingo wa sentimita 5, na ufunge vitanzi kwa kulegeza. Kila kikao utaona mkono unakaribia kiganja, na ni mwepesi kadiri unavyoshuka: robo saa ya mwanzo ni mistari 4 na nusu, ya mwisho karibu 7.

Faida kubwa ni mwakani. Mtoto akirefuka unafumua ukingo tu, unaongeza sentimita 4, unafunga tena. Mkono uliofumwa kutoka chini haukupi nafasi hiyo.

---

Mtumba_na_Uzi (Mwanjelwa)

Ukipungukiwa kabisa, sweta la mtumba ni uzi tayari, ila chagua kwa kugeuza ndani nje. Mshono wa ubavuni ukiwa umepigwa ovaloki, liache: kila mstari umekatwa, utapata vipande vifupi tu. Unalotaka lina ukingo mzima na mshono kama mnyororo unaofumuka kwa kuvuta uzi mmoja. Sufu iliyoganda kwa kufuliwa na maji ya moto nayo liache, haifumuki.

Anza kufumua juu, shingoni au begani, kwa sababu kazi hufumuka kutoka mwisho wake. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu 4 kwa kulegeza, loweka nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, kamua kwa taulo, anika kivulini. Mikunjo inanyooka. Msimu huu wa mvua, hasa upande wa Tukuyu, uanike ndani karibu na joto la jiko lakini si juu ya moshi, maana uzi ukikaa na unyevu unachukua harufu isiyotoka.

Kujua aina, choma kipande cha sentimita 3. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yanasagika. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Akriliki usiipige pasi ya moto hata mara moja, inalegea kabisa na hairudi.

Dada, 23 kwa sindano ya 4 unapata sentimita 33. Kabla ya kupanda 4.5 pima mgongo kwanza: kama nao ni 33, baki na 4.

---

Mfumaji_Uyole (Mbeya)

Mgongo ni 34 na nusu. Napanda 4.5, na leo ni mistari 4.