Mjadala: Uskwota wa Mombasa (kukaa kwenye ardhi usiyo na hati yake), lawama ni ya mkoloni au ya walioandikisha?

Mkaazi wa Kisauni: Ni ya mkoloni. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi ndani ya ukanda wa pwani wa maili kumi apeleke dai, alithibitishe, kisha shamba lipimwe. Lisilodaiwa likawa la serikali ya Mwingereza. Mmijikenda, mwenyeji wa pwani, alilima shamba la mbari, yaani la ukoo, bila karatasi. Tena kwa desturi ya pwani minazi iliweza kuwa ya huyu na udongo wa yule, na wote wakala. Hati ikambakisha mmoja tu.

Mpangaji wa Likoni: Ndugu, unawaepusha waliodai. Masetla wa Kizungu hapa walikuwa wachache. Vyeti vingi vilikwenda kwa Waarabu, Waswahili wenye nasaba na Wahindi, watu waliojua vyema nani analima wapi. Matokeo yake ni nyumba bila ardhi: kuta zako, kiwanja cha mwingine, kodi ya kila mwezi, mkataba hakuna. Hujengi kwa mawe, hupandi mnazi, benki haikutazami. Baba akifa, watoto wanarithi mabati na miti. Kiwanja kikiuzwa, hata hayo hubomolewa.

Mkaazi wa Bandarini: Mmeshika ardhi mkaisahau nyumba yenyewe. Kodi ya vibanda ilihesabiwa kwa kibanda, kwa hiyo mwenye wake watatu alilipa mara tatu. Pesa ilipatikana kwa ukibarua katika bandari ya Kilindini, na ujira ulipangwa kama wa kapera: mke abaki kijijini alishe watoto kwa jembe. Ndiyo maana mgomo wa Januari 1947, wa watu wapatao 15,000, haukuwa wa mishahara pekee, makazi yalikuwemo. Na Wagiriama, ambao ni Wamijikenda, walipokataa kodi na kazi za mashambani, mwanamke aliyewaongoza, Mekatilili wa Menza, alihamishiwa Kisii, na Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Kaya, makao matakatifu ya Wamijikenda msituni, ilikuwa baraza na mahali pa kiapo. Kuivunja ni kuwanyang'anya wazee uwezo wa kuamua kesi za mahari na mipaka.

Mkaazi wa Kisauni: Waliodai walifaidi, sikatai. Lakini aliyeamua kwamba mbari bila karatasi si mwenye ardhi ni nani? Kosa hilo linarudiwa maskwota wanapogawiwa hati kwa jina la mume peke yake, ilhali Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajiliwa. Mpangaji wa Likoni, kwenu mngeandikisha jina la nani?