Vitunguu vya maua ndani ya nyumba Bukavu: nianzie wapi?

Maua_Ibanda: Jambo zenu. Dada yangu ametoka Ubelgiji akaniletea vitunguu vya maua: vitatu vya amarilisi, vikubwa kama ngumi, na kumi vya tulipi. Nimepanga, sina kiwanja, ila dirisha la sebule linapata jua la asubuhi. Nina makopo ya maziwa. Ninatamani sana vichanue, na sijui hata kama kitunguu kinafukiwa chote. Nisaidieni.

Bustani_Himbi (Goma): Anza na amarilisi, dada. Asili yake Amerika Kusini, haidai baridi. Chukua kopo linalozidi kitunguu kwa vidole viwili kila upande, toboa chini, fukia hadi mabegani. Shingo na theluthi ya juu vibaki nje. Mwagilia mara moja, kisha usubiri ncha itokeze. Ukizidisha maji kabla ya hapo, kitaoza. Mara nyingi ua hufunguka wiki ya sita hadi ya nane. Sisi Goma tunatandika mawe ya volkano chini ya kopo.

Katuba_Kijani (Lubumbashi): Kwa mawe sikubaliani, yaya. Tabaka la mawe halikaushi udongo. Maji hukwama juu yake, palepale penye mizizi. Yaponde yawe changarawe, uchanganye na udongo na mboji.

Bustani_Himbi: Kuchanganya ni bora, kweli. Na matundu yasisahaulike.

Maua_Ibanda: Aksanti. Na tulipi?

Katuba_Kijani: Tulipi inadai miezi mitatu hadi minne ya baridi mfululizo, chini ya nyuzi 9. Hata huku kwetu usiku wa Juni baridi inapiga, lakini mchana jua linaifuta. Bila frigo utapata majani matupu.

Maua_Ibanda: Frigo ninayo. Umeme ndio unakatika, mara siku nzima.

Mama_wa_Panzi: Mwanangu, nguvu zako zote weka kwenye amarilisi. Ua likinyauka kata shina lake tu. Majani yaache juani miezi kadhaa, ndiyo yanayojaza kitunguu kwa ua lijalo. Kopo ligeuzegeuze, shina lisiinamie dirishani. Na kama kuna watoto, weka juu: kitunguu hicho kina sumu, kisichanganyike na vya jikoni.

Maua_Ibanda: Nimesikia, mama. Shangazi yangu wa Muhungu ana frigo ya sola, tulipi nitampelekea.

Katuba_Kijani: Vizuri. Mfuko wa vitunguu uwe wa karatasi, na asiweke ndizi wala maembe ndani ya frigo hiyo. Matunda yanayoiva hutoa hewa inayoharibu ua likiwa bado ndani ya kitunguu.