Mjadala: Mfumo wa kompyuta ufute kumbukumbu (RAM, nafasi ya muda ya kufanyia kazi) kabla ya kuandika faili, hata kama kasi itapungua?

Fundi, Mwanjelwa
Ndugu zangu, hoja hii naileta kwa uchungu. Mwezi uliopita chama kimoja cha ushirika wa kahawa kilinipa kompyuta yake nihamishe daftari la wakulima kwenda mashine mpya. Faili halikufunguka, nikalitazama kwa zana inayoonyesha baiti moja moja. Kila mkulima ametengewa baiti 256. Jina likiwa fupi, nafasi inayobaki ilipaswa kuwa tupu. Haikuwa tupu. Nyuma ya jina la mama mmoja palikuwa na kipande cha namba ya akaunti ya mtu mwingine, pamoja na deni lake la mbolea. Faili hilo mnunuzi amekuwa akitumiwa kila msimu.

Ni kama karatasi za kufungia karanga stendi. Unamaliza karanga, unageuza karatasi, unakutana na matokeo ya mtihani ya mtoto wa watu.

Msimamo wangu: mfumo usitoe kipande cha kumbukumbu kwa yeyote kabla ya kukijaza sufuri. Anayetaka kasi ndiye aombe apewe kisichofutwa. Leo mambo yamegeuzwa, mwenye siri ndiye anayebembeleza usafi.

Mwalimu wa kompyuta, Iringa
Kamwene, fundi. Uchungu wako ni wangu pia, ila umemshika asiyehusika. Programu ikiomba kurasa mpya za kumbukumbu, yaani vipande vyake, mifumo endeshi ya Linux na Windows huzifuta kwanza, kwa hiyo mabaki ya programu nyingine hayaifikii. Ulichokiona kilitoka ndani ya programu ileile. Aliyeiandika alitumia bafa moja, yaani nafasi ya kushikilia data kwa muda, kwa wakulima wote: akaweka taarifa ndefu, kisha jina fupi juu yake bila kufuta, akauambia mfumo uandike baiti zote 256. Mfumo utajuaje kwamba 200 kati ya hizo ni mabaki? Kwake zote ni halali. Hata ukiweka sufuri kila mahali kwenye kiini (kernel), sehemu ya mfumo inayosimamia kumbukumbu na diski, daftari lile litavuja vilevile.

Fundi, Mwanjelwa
Hapo umenishika, mwalimu, nakubali. Daftari lile ni kosa la mwandishi wa programu. Lakini kiini chenyewe nacho kimekutwa na kosa la aina hiyohiyo. Mwaka 2019 iligundulika kwamba ext4, mfumo wa faili unaotumiwa na Linux nyingi, ulikuwa unaandika kwenye diski vitalu (vipande vya diski) vya ramani inayoonyesha data za faili ziko wapi, bila kufuta sehemu isiyotumika. Mabaki ya kumbukumbu ya kiini yakalala kwenye diski, yanamsubiri atakayeyasoma. Na Oktoba 2023 FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, ilitoa tahadhari: kwenye diski za FAT, muundo ambao flashi zetu nyingi zinao, programu ikirefusha faili, wakati mwingine nafasi mpya ilijazwa data za zamani za diski badala ya sufuri. Hao ni waandishi hodari, na bado walisahau.

Mtunza seva, Njombe
Mnaruka sehemu yenye utata. Programu inakiambia kiini: chukua baiti 4,096 kutoka anwani hii, andika kwenye faili. Kiini kinatenga ukurasa, kinaanza kunakili. Katikati anwani inakuwa mbovu, kunakili kunakatika. Nusu ya ukurasa ina data mpya, nusu ina chochote kilichokuwamo tangu awali. Programu nyingine iliyounganisha faili hilo na kumbukumbu yake inaweza kuiona nusu hiyo. Waandishi wa FreeBSD wameliandika jambo hili waziwazi ndani ya msimbo wao, na dawa yao ni kufuta pale tu uandishi unaposhindwa.

Hiyo ndiyo njia ninayoitetea. Uandishi ukifaulu, ukurasa wote unafunikwa na data mpya, sasa kuufuta kabla ni kazi mara mbili kwa nini? Nina mashine za hospitali zenye gigabaiti 2 za kumbukumbu, wagonjwa wamepanga foleni. Kila sekunde naiona kwenye nyuso zao.

Fundi, Mwanjelwa
Kaka, foleni naielewa. Tuangalie gharama. Linux toleo la 5.3, la 2019, lilileta chaguo mbili. Ya kwanza inafuta wakati wa kutoa kumbukumbu. Maelezo ya kiini chenyewe yanasema kazi nyingi hupoteza chini ya asilimia 1, na majaribio makali yalifika 7. Ya pili inafuta wakati wa kurudishwa, nayo hugharimu asilimia 3 hadi 5. Mimi naomba ya kwanza tu. Njia yako ni nzuri, ila inategemea kila mwandishi, kwenye kila mfumo wa faili, akumbuke kila mlango wa kushindwa. Asiyekumbuka mlango mmoja atafanya nini?

Mhasibu wa AMCOS (chama cha ushirika wa mazao), Mbozi
Naomba niseme kama mwenye daftari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023. Deni la mwanachama likijulikana kijijini, hatauliza kama lilitoka kwenye kiini au kwenye programu. Atakuja ofisini kwangu, na ana haki. Kompyuta yangu ikichelewa kidogo nitavumilia. Mwalimu, hiyo bafa inasafishwa na nani, na nitajuaje kwamba imesafishwa?

Mwalimu wa kompyuta, Iringa
Aliyeandika programu, mama. Ajaze sufuri kwenye baiti zote 256 kabla ya kuweka jina jipya, ni mstari mmoja tu. Kuhakiki ni rahisi: ingiza jina refu, kisha fupi, fundi alitazame faili kwa zana yake. Ila daftari la zamani liandikwe upya lote, maana mabaki yaliyokwisha kuandikwa hayatajiondoa. Na mnunuzi aombwe afute nakala alizonazo.

Mtunza seva, Njombe
Hiyo asilimia 1 nitaipima kwenye mashine zangu, si kwenye maelezo ya kiini. Ikifika 7 wakati wa foleni, naizima.