Naomba ushauri: menyu ya vuli Piemonte, nimepewa kusimamia mvinyo na mimi sinywi

Mhudumu_Torino (mleta mada)
Wakuu, habari za majukumu. Niko Torino, mji wa Piemonte huku kaskazini mwa Italia, nahudumu kwenye mgahawa mmoja wa kawaida tu. Oktoba ikifika menyu yote inageuka: carne cruda (nyama mbichi ya ng'ombe wa Fassona iliyokatwakatwa kwa kisu), tajarin (tambi nyembamba) kwa siagi na tartufo bianco (uyoga mweupe wa chini ya ardhi, wenye harufu kali), agnolotti del plin (vifuko vidogo vya tambi vyenye nyama ndani), bagna cauda (mchuzi wa moto wa kuchovya), brasato (nyama iliyopikwa taratibu kwenye mvinyo), na kitindamlo ni bonet (aina ya pudini). Mwenzetu aliyekuwa akiwashauri wageni kuhusu mvinyo kahama, na bosi kasema nafasi hiyo nishike mimi kwa kuwa Kiitaliano changu kimekaa vizuri. Sasa mimi kilevi situmii na sina mpango wa kuanza kwa ajili ya kazi.

Tulivyonavyo ni Arneis, ambao ni mweupe, Dolcetto, Barbera, Barbaresco na Barolo, ambayo ni myekundu, na Moscato, mweupe mtamu. Mtu asiyeonja anamshauri vipi mgeni? Pili, hiyo tartufo tunauza kwa gramu. Bei naitajaje bila kumwaibisha kijana wa watu mbele ya mchumba wake?

Natanguliza shukrani.

Chali_wa_Usa
Unauza usichotumia? Sawa, daktari wa meno naye hajing'oi yake. Naweka kambi hapa.

Babu_wa_Bologna
Mdogo wangu, kazi hiyo nimeifanya huku Emilia hadi magoti yakakataa, na mwenzetu mmoja asiyegusa pombe alikuwa akiuza chupa kuliko sisi wote. Achana na mashairi ya harufu ya waridi na ngozi. Shika vitu viwili: uchachu na ukakasi.

Ukakasi unaujua tayari. Chemsha chai ya rangi mpaka ikolee kabisa, inywe bila sukari. Kile kinachokukamata ulimi ndicho tanini. Zabibu ya Nebbiolo, ambayo ndiyo mama wa Barolo na Barbaresco, ina tanini nyingi na uchachu wa juu. Tanini hutafuta mafuta na protini ya kushikamana nayo, ikikosa inashikamana na ulimi wa mgeni. Ndiyo maana brasato na Barolo havigombani: nyama imelala kwenye mvinyo, imepikwa saa kadhaa kwa moto mdogo, ina kila kitu tanini inachokitaka.

Barbera iko kinyume. Tanini kidogo, uchachu mwingi, inasafisha mdomo baada ya siagi na nyama ya plin. Dolcetto ni mkavu (wageni wengi hudhani ni mtamu, waambie mapema), uchachu wake mdogo, unafaa mwanzoni kwenye carne cruda.

Halafu kuna mambo ya sheria, hayo hayahitaji kuonja hata tone. Barolo hautoki kabla ya miezi 38, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa la mti. Barbaresco ni miezi 26, ya mti 9. Mgeni akiuliza kwa nini bei zinapishana, sehemu ya jibu ni hiyo.

Mama_Tajarin
Niko jikoni Alba, huku huku Piemonte. Babu, shikamoo. Kwa brasato sina neno, ila mgeni wa tartufo msimpe Barolo mchanga, nakuombeni sana. Tajarin ni tambi za viini vya mayai, kuna wapishi wanaotia viini 30 kwa kilo moja ya unga. Juu ni siagi, basi. Sahani yenyewe imetulia makusudi ili ibebe harufu, na mgeni amelipia hiyo harufu. Mvinyo mkali ukipita pale umemuibia. Mpe Barbaresco uliokomaa, miaka kadhaa chupani, ukakasi umeshalainika. Akitaka mweupe, Arneis wa vilima vya Roero hauvurugi kitu.

Kuhusu bei: tartufo bianco haipikwi. Unaileta nzima mezani, unaipima kwenye mzani mgeni akiona, unaiparua juu ya sahani, unaipima tena. Anacholipa ni tofauti. Usiseme bei kwa mdomo. Andika bei ya gramu kwenye kikaratasi cha siku, kipe meza nzima pamoja na menyu, na chini yake uandike kwamba sahani moja kwa kawaida huchukua gramu 5 hadi 10. Kijana atapiga hesabu yake kimyakimya. Bei yenyewe haitulii, kiangazi kikiwa kikavu tartufo inaadimika, kwa hiyo kikaratasi cha wiki iliyopita kitupe.

Na kama jikoni kwenu wanamwagia yale mafuta ya chupa, mengi yana harufu ya maabara. Usithubutu kuyaita tartufo bianco mbele ya mtu wa Langhe, vilima vyetu vya huku Alba.

Mwanapwani_Malindi
Huku Malindi Waitaliano tunao tele, na wale ninaowaona mimi huagiza divai nyeupe ya baridi mwaka mzima, juu ya pweza na kamba. Hiyo Barolo naona inataka sweta.

Mtu_wa_Hesabu
Mnamfundisha kijana kumuuzia kila mtu chupa ya bei mbaya. Barbera moja inatembea na menyu yote hiyo, na wenyeji wenyewe siku za kawaida wanakunywa Barbera na Dolcetto. Barolo ni ya sherehe.

Mama_Tajarin
@Mtu_wa_Hesabu kwenye bagna cauda nakupa mia kwa mia. Vitunguu saumu vya kutosha, samaki wadogo wa chumvi, mafuta ya zeituni, vyote vinachemka taratibu mezani watu wakichovya cardo (mboga ya vikonyo) na pilipili hoho. Hakuna mvinyo wa heshima unaotoka salama hapo. Barbera changa, imetosha. Lakini kwenye carne cruda iliyowekewa tartufo, Barbera yako itaikanyaga.

Mhudumu_Torino
Nimeandika yote kwenye daftari. Shikamoo Babu, na dada wa Alba ubarikiwe, hilo la kikaratasi bosi amelikubali leo hii. Imebaki bonet. Na meza ikiwa na mtu asiyekunywa kama mimi, nampa nini zaidi ya maji?

Babu_wa_Bologna
Marahaba. Bonet ina kakao na amaretti (biskuti za lozi), Moscato d'Asti itapwaya kidogo pale. Ni mtamu, mwepesi, kilevi chake kama asilimia 5. Mwambie bosi anunue Barolo Chinato, ule uliotiwa kwinini na viungo, kwenye kakao hauna mpinzani. Moscato uweke kwa keki ya nocciola (njugu za hazelnut).

Asiyekunywa mpe chinotto (soda chungu ya matunda jamii ya machungwa) au juisi nzuri ya zabibu, kwenye glasi ileile ya mvinyo, asionekane kama mtoto mezani. Ila kabla ya yote mwambie ukweli wa jikoni: brasato imepikwa kwa mvinyo, na bonet mara nyingi ina ramu ndani. Wengine hilo hawalijali, wengine watakurudishia sahani. Muulize mpishi wenu leo, usisubiri mgeni akuulize.